Usinunue mtambo kwanza: namna ya kuvuna harufu ya viungo vyako

Swali: "Nina kibanda cha chai na mandazi hapa Bombo, Uganda, na Ijumaa napika pilau ya oda. Naweka iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi na mchaichai kwenye sufuria kubwa saa kumi na moja alfajiri, nachemsha mpaka wateja waanze kufika saa moja. Harufu inafika barabarani, lakini chai yenyewe ni chungu na iliki huisikii. Nimeambiwa nikikamua mafuta ya viungo nitakuwa natia matone tu. Fundi mmoja wa Katwe, Kampala, anataka milioni mbili na nusu anitengenezee mtambo wa mvuke. Tena nataka kuuza chupa za mafuta ya kitunguu saumu na kiini cha vanila, ila mimi ni Mwislamu na nasikia vanila haitoki bila pombe. Je, ninunue mtambo?"

Mama, waalaikum salaam. Usinunue. Fedha hiyo iache mahali ilipo mpaka umalize kusoma, maana sehemu kubwa ya unachokitafuta utakipata kwa kifuniko cha sufuria, kinu na chupa ya kioo.

Harufu ile inayofika barabarani ndiyo ladha uliyoilipia sokoni. Ulimi peke yake hujua tamu, chumvi, uchachu, uchungu na utamu ule wa mchuzi wa nyama. Iliki kuwa iliki na karafuu kuwa karafuu ni kazi ya pua. Ndani ya kila kiungo mna mafuta ya harufu, ambayo ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi, ndogo na nyepesi, zinazoruka upesi zikipata joto na zisizopenda kukaa ndani ya maji. Ya karafuu kubwa lao ni yujenoli, ya mdalasini ni sinamaldehaidi, ya mchaichai ni sitrali. Iliki inategemea zaidi mbili, sineoli na asetati ya tapinili.

Sasa tazama linalotokea kwenye sigiri yako. Yujenoli ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254, joto ambalo sufuria ya chai haiwezi kulifikia. Lakini ikiwa pamoja na maji, kila kimoja husukuma mvuke wake, na nguvu zile mbili hujumlishwa, hivyo vyote viwili huondoka pamoja hata kabla ya nyuzi 100. Huku kwetu maji hayafiki 100 kabisa: Kampala na viunga vyake, kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 96, na Kabale kule milimani karibu na 93. Bado inatosha kubeba harufu yote. Mtambo wa fundi wako unatumia kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo, mama, sufuria yako iliyo wazi kwa saa mbili ni mtambo wa mvuke tayari. Kilichokosekana ni bomba la kuupoza ule mvuke na chombo cha kuukinga, ndiyo maana mafuta yako yanakwenda kwa wapita njia bure.

Na ule uchungu? Ni vile vilivyobaki. Ganda la mdalasini, maganda ya iliki na majani ya chai yenyewe yana tanini na vitu vingine vizito vinavyoyeyuka vizuri majini na visivyoruka. Kadiri unavyochemsha, vizuri vinaondoka na hivi vinazidi kukusanyika. Mteja wako hajakosea, chai ile imebaki na mashapo ya viungo bila roho yake.

Kabla hatujafika kwenye dawa yake kuna jambo moja ambalo wauzaji wa mitambo hawalisemi. Vitu vinavyowasha haviruki. Ukali wa tangawizi unatokana na jinjeroli, wa pilipili manga na piperini, wa pilipili kali na kapsaisini, na vyote hivyo ni vizito mno kupanda na mvuke. Ukikeneka tangawizi, yaani ukiipitishia mvuke na kuupoza mvuke huo, utapata mafuta yanayonukia tangawizi ambayo hayakukuni koo hata kidogo. Kwa hiyo matone uliyoahidiwa hayatakupa chai ya tangawizi ambayo watu wa Bombo wanaijua. Tangawizi ni ya kupondwa na kuchemshwa.

Chai yako ipange upya hivi. Anza na vile vigumu, mdalasini na tangawizi, kwenye maji, moto mdogo, sufuria imefunikwa, dakika 15 hadi 20. Ganda la mdalasini ni gumu, linahitaji muda huo ili maji yaliingie. Karafuu na iliki iliyopondwa viingie dakika tano za mwisho, pamoja na maziwa ukitumia maziwa. Mafuta ya maziwa hushika harufu ambayo maji yanaiachia, ndiyo maana chai ya maziwa hukaa na viungo mdomoni muda mrefu kuliko ya rangi. Mchaichai uponde kwenye shina jeupe, ambako mkono wako utalowa kwa utomvu, uutie ukishaepua, ufunike dakika kumi. Mujaaja, yale majani ya harufu ya kutia kwenye chai, kama wateja wako wa Kiganda wanaupenda, nao hivyo hivyo. Kisha mimina yote kwenye chupa ya chai inayofunga vizuri. Usiirudishe motoni kila mteja anapofika. Ukiwa na watu wengi, afadhali upike mara mbili, alfajiri na saa mbili.

Iliki nataka uiangalie kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayokula pesa zako. Chukua punje moja, ipasue. Ganda la nje la kijani ni kama karatasi, lina mafuta kidogo sana. Ndani kuna mbegu nyeusi zenye kunata kidogo, na mafuta yamehifadhiwa kwenye tabaka jembamba chini ya ngozi ya kila mbegu. Mbegu nzima ukiitia majini haifunguki upesi. Ukiisaga wiki nzima kabla, tabaka lile limeshapasuka na mafuta yanaruka kila unapofungua kopo. Kwa hiyo nunua iliki nzima, itunze kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na sigiri, na uponde ya siku hiyo hiyo. Unga wa iliki unaopimwa kwa kijiko kutoka kwenye gunia lililo wazi, hata ukipewa kwa bei ya nusu, mimi siununui.

Kwa mandazi kuna njia ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji moto. Toa mbegu za iliki, gramu 20, zitwange pamoja na gramu 200 za sukari kavu mpaka ziwe unga. Punje za sukari zina ncha kali, zinazikata zile mbegu, na mafuta yanayotoka yanaishia juu ya sukari badala ya kwenda hewani. Funga kwenye chupa, iache siku mbili. Sukari hiyo itie kwenye unga wa mandazi badala ya sehemu ya sukari ya kawaida, au mpe mteja kijiko akoroge kwenye chai yake, harufu iamke mbele ya pua yake. Hapo ndipo utaelewa kwa nini sipendi utumie matone ya mafuta matupu. Mafuta ya harufu hayachanganyiki na chai, yanaelea juu. Mtu wa kwanza anayemiminiwa hupata yote, yanamchoma mdomo, na wa pili anakunywa maji ya majani. Lazima yabebwe na kitu: sukari, mafuta ya kula, au pombe.

Karafuu ina mafuta mengi kuliko viungo karibu vyote unavyotumia, yaani gramu 15 hadi 20 kwa kila gramu 100 za karafuu nzuri. Utajiri huo ndio unaovutia ulaghai: karafuu iliyokwisha kukenekwa hukaushwa na kurudishwa sokoni ikiwa mifupa mitupu. Ipime hivi kabla hujalipa. Bonyeza punje ya karafuu kwa ukucha, uone kama inatoa unyevunyevu wa mafuta. Kisha tia chache kwenye glasi ya maji. Iliyo nzima huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyonyonywa hulala ubavu juu ya maji.

Pilau yako ya Ijumaa haina tatizo, ila niieleze kwa sababu ndiyo mlango wa kuelewa mafuta. Unapokaanga bizari nyembamba, mdalasini na pilipili manga kwenye samli kabla ya kutia mchele, unafanya utoaji kamili wa harufu, maana kampaundi hizi huyeyuka kwenye mafuta kwa hiari yake. Unaweza kuifanya samli hiyo mapema na kuiweka. Tumia samli safi iliyopikwa mpaka povu limekwisha na maji yametoka, viungo vikavu vilivyovunjwavunjwa, moto wa chini kabisa ambao kidole kinauvumilia kwa sekunde moja tu, nusu saa hadi saa nzima. Chuja kwa kitambaa kikavu. Viungo vikianza kubadilika rangi kuwa vyeusi, moto umezidi, na unachotoa sasa ni harufu ya kuungua. Samli ya Ankole ikiandaliwa hivi na iliki na mdalasini, kijiko kimoja kwenye wali kinatosha.

Lakini chupa za mafuta ya kitunguu saumu usiziuze.

Hili nalisema bila kulipunguza. Ndani ya udongo mna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, na mbegu zake hushikamana na vitunguu, mizizi na majani mabichi. Kijidudu hiki huchukia hewa na tindikali. Ukizamisha kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta umemtengenezea nyumba kamili: hakuna hewa, kuna unyevu, hakuna uchachu. Akikua hutoa sumu inayolegeza misuli, kuanzia macho na koo mpaka ile ya kuvuta pumzi. Chupa inaweza isibadilike rangi wala harufu. Kuchemsha hakuui mbegu zake, zinahitaji nyuzi kama 121, ambazo hupatikana kwenye sufuria ya presha ya kiwandani, wala si kwenye sigiri. Vancouver, Canada, mwaka 1985, watu 36 waliugua kwa kula mkahawani chakula kilichotiwa kitunguu saumu kilichosagwa na kuwekwa kwenye mafuta bila kupozwa. Hata wenye friji inayofanya kazi muda wote wanashauriwa kuyamaliza mafuta kama hayo ndani ya siku nne, na wewe unajua umeme wetu. Rozimeri mbichi, mrehani na pilipili mbichi vina hatari ile ile. Ukitaka ladha ya saumu, ponda na ukaange siku ile ile unayopika. Ukitaka chupa ya kuuza, kausha majani na viungo mpaka vivunjike mkononi kabla havijagusa mafuta, au tia saumu kwenye siki kali badala ya mafuta.

Sasa vanila, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Uganda tuna vanila ambayo dunia inaitafuta na sisi wenyewe tunanunua chupa ya maji yenye rangi kutoka supamaketi.

Ganda bichi la vanila, lile la kijani linalotoka shambani Mukono, Kayunga au Bundibugyo, halinukii. Vanilini, kampaundi ya harufu yake, imo, lakini imefungwa kwenye sukari, na pua haiwezi kuipata. Ili ifunguke, maganda yaliyokomaa, ambayo hukaa mtini miezi kama tisa, hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika mbili tatu, yakavishwa mablanketi yatoe jasho, yakaanikwa juani na kurudishwa ndani kila siku, kisha yakalazwa kwenye masanduku miezi kadhaa. Vimeng'enya vya ganda lenyewe ndivyo vinavyoikata ile sukari na kuiachilia vanilini. Kilo tano hadi sita za mbichi huwa kilo moja. Ndiyo maana serikali hutangaza tarehe za kuvuna, mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana wizi wa vanila changa ni hasara kwa kila mtu: ganda lililovunwa kabla ya wakati halina cha kufunguliwa, ulitunze utakavyo.

Kwa hiyo wewe nunua iliyokwisha kutunzwa. Ipinde kwenye kidole. Nzuri huzunguka bila kuvunjika, ngozi yake ya kahawia nzito inang'aa kwa mafuta. Wakati mwingine utaona juu yake vitu vyeupe. Vikiwa kama sindano ndogo zinazometa kwenye mwanga, ni fuwele za vanilini yenyewe, furahi. Vikiwa kama pamba, vimefifia na vina harufu ya kabati lenye unyevu, ni ukungu, rudisha.

Mvuke hauna kazi hapa. Vanilini ni nzito, haipandi na mvuke kama yujenoli, kwa hiyo mtambo wa Katwe usingekupa kiini cha vanila hata ukiuwasha mwezi mzima. Njia ya kawaida ni pombe, na kipimo kinachofuatwa Marekani kisheria ni takriban gramu 100 za maganda kwa lita moja ya kimiminika chenye pombe isiyopungua asilimia 35. Maganda hupasuliwa na kukatwakatwa, chupa hufungwa na kuwekwa gizani, ikatikiswa kila wiki, miezi miwili ikiwa ni michache na sita ikiwa bora. Wasomaji wengine wanaotumia njia hii nawaonya: pombe iwe ya kiwandani, yenye muhuri na alama ya shirika la viwango, UNBS. Waragi ya kienyeji usiiguse. Mwaka 2010 watu wengi walikufa Kabale kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na methanoli haiondoki kwa kuloweka vanila ndani yake. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo ni sumu.

Kwako wewe, mama, hukumu ya pombe kidogo kwenye keki muulize shehe wako, mimi ni mtu wa vyakula. Ninachoweza kukuambia ni kwamba pombe si lazima. Gliserini ya kula, ile iliyotokana na mimea, huitoa vanilini polepole zaidi na kiini chake huwa laini kuliko cha pombe, lakini ni kizuri kwa mandazi na keki. Changanya sehemu tatu za gliserini na moja ya maji yaliyochemshwa, tia gramu zile zile 100 kwa lita, weka mahali pa uvuguvugu, ngoja miezi mitatu. Muulize muuzaji kama gliserini ni ya kula, kwa sababu iko inayotengenezewa sabuni. Au acha vimiminika kabisa: kausha ganda, lisage na sukari kama nilivyokuelekeza kwenye iliki. Sukari ya vanila kwenye pakiti ndogo itauzika Bombo upesi kuliko kiini, naamini hivyo, kwa kuwa kila mama anajua sukari inatiwa wapi.

Turudi kwenye mtambo. Mchaichai mbichi hutoa gramu 200 hadi 500 za mafuta kwa kilo 100. Pipa la fundi wako likiingia kilo tano, umebeba maji, umechoma makaa nusu siku, umepata gramu 10 hadi 25, vijiko vya chai viwili hadi vitano, ambavyo sitrali yake huanza kuharibika ikikutana na hewa na mwanga. Hesabu hiyo inalipa kwa mwenye ekari za mchaichai na mnunuzi wa sabuni au dawa za kujipaka. Kwa kibanda cha chai hailipi. Viwanda vikubwa hutumia hewa ya kaboni dayoksaidi iliyokandamizwa zaidi ya mara sabini ya hewa ya kawaida, na vingine hutumia heksani, kiyeyusho kinachotokana na petroli. Atakayekushauri ujaribu petroli au kemikali kama hiyo nyumbani, mwambie hapana.

Ukija kuyapata mafuta ya harufu kwa njia yoyote, yafungie mbali na watoto. Mililita tano hadi kumi za mafuta ya karafuu zimewahi kumtia mtoto wa miaka miwili kwenye usingizi wa kupoteza fahamu na kuliumiza ini lake.

Na kama siku moja biashara itakua, umepata shamba na mnunuzi, na bado unautaka mtambo, pita kwanza Nakawa kwenye taasisi ya utafiti wa viwanda, UIRI, wanafanya kazi na wajasiriamali wadogo. Halafu urudi kwa fundi na maswali. Pipa limetoka wapi? Liwe la chuma cha pua kipya, lisiwe la rangi wala la dawa ya shamba. Majani yanakaa juu ya wavu au yanaloweshwa majini chini? Juu ya wavu hayaungui. Bomba la kupoza lina urefu gani, na maji baridi yanaingilia chini yakitokea juu? Chombo cha kukinga kina bomba la kuchotea juu na chini pia? Mafuta ya mchaichai na iliki huelea juu ya maji, ya karafuu huzama, na asiyelijua hilo atamwaga mafuta yako akidhani ni maji. Mwishowe muulize maungio ya bomba ameyaunga kwa kitu gani. Akisema ni solda ya kawaida, ile yenye madini ya risasi, usimpe hata shilingi.